Mkwe Aliyekuja na Mfuko wa Visoda

Nianze na sauti yake, maana ndiyo iliyotangulia kuniudhi. Ni sauti ya mtu aliyesimama mbele ya watoto maisha yake yote. Hata chumvi akiiomba, anaiomba kama anaiandika ubaoni. "Naomba. Chumvi. Tafadhali." Kila neno linapita peke yake, kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Nikimwiga hivyo jirani zangu wanashika mbavu. Yeye mwenyewe akinisikia anatabasamu tu, na hilo nalo linaniudhi.

Huyo ni mama yake mkamwana wangu. Kwao ni Kihesa, Iringa mjini. Alifundisha watoto wa madarasa ya chini mpaka akastaafu. Mimi sijafundisha wala sijafundishwa. Shule nilikuwa naiona kwa nje, napita na mzigo wa kuni, nasikia wenzangu wanaimba a-e-i-o-u. Haya ninayosema sasa anayaandika mkamwana wangu, na namchunga asipunguze pale ninapomsema mama yake. Anacheka. Andika, mwanangu, andika hivyo hivyo.

Hapa Mbalizi wakati huo tulikuwa tunaishi wanne: mwanangu, ambaye ni fundi wa magari na anaondoka mapema, mke wake huyu, anayeuza kwenye duka la dawa, mimi, na mtoto wao wa kike, yuko darasa la pili. Huyo mtoto nimemlea tangu ameachishwa ziwa. Mgongo wangu unamjua. Namwita mke mwenzangu, kama kawaida ya bibi na mjukuu wake wa kike, na yeye ananijibu, "Mke mwenzangu, leo mume wetu kaleta nini?" Mume mwenyewe alishakufa zamani, Mungu amlaze pema, lakini mjukuu anamdai nyama mpaka leo. Nikisema nampenda, neno dogo. Niseme namtaka wangu peke yangu. Huo ndio ukweli, na wivu wangu unaanzia hapo.

Sasa, wazazi waliitwa shule. Mama yuko dukani, baba yuko chini ya gari, nikaenda mimi. Mwalimu ni msichana mdogo, ana kucha za rangi, sauti nyembamba kama filimbi. "Bibi, mtoto ana uwezo. Ukimwandikia tisa kutoa nne, anapata. Ukimwandikia saba kujumlisha tano, anapata. Ila kwenye mafumbo anayumba, Bibi."

Nikamuuliza, "Mafumbo gani tena? Mnamfundisha uganga?"

Akacheka, akanieleza. Kumbe ni hesabu zinazokuja zimevaa nguo za hadithi. Mama fulani ana viazi kadhaa, kaenda sokoni, kanunua vingine, je, sasa ana vingapi. Mtoto inabidi ajue mwenyewe hapa pa kujumlisha, hapa pa kutoa. Wangu mimi anageuza. Penye kutoa anajumlisha, penye kujumlisha anatoa. Si mara zote, mwalimu alisema, na hapo ndipo panamchanganya hata yeye.

Nilirudi na maneno hayo nyumbani, nikayasema kwa ile sauti ya filimbi, tukacheka. Mkamwana wangu peke yake hakucheka. Alisema, "Mama, kama ni mafumbo, si tumpeleke Kihesa akae na bibi yake? Yeye ndiyo kazi yake hiyo. Shule zikifungwa, tunamhamisha."

Anasema tumpeleke, kama vile ni debe la viazi.

Nikasema, "Hadithi ndiyo zinamshinda? Huyu aliyekulia kwenye mdomo wangu? Niachieni mimi."

Kweli, jioni ile nikamkalisha jikoni. Jiko letu liko nje, la mabati, lina benchi moja na mafiga matatu, nami ndiye mkuu wa hilo jiko. Mama yake alikuwa ameniandikia... hapana, mimi sisomi, alinisomea fumbo moja nikalishika kichwani. Mama alichemsha viazi kumi na viwili. Wageni wakala vitano. Vilibaki vingapi?

Basi nikalisimulia. Lakini wewe, nitasemaje wageni walikula bila kuwaleta hao wageni? Nikamleta mgeni wa kwanza, mzee kibogoyo: "Nami nipfatie kilifoiva fana, mwanangu." Nikamleta mkewe, mwenye maringo: "Mimi huwa sili viazi, ila nitaonja... nitaonja tena... hiki nacho nionje." Nikamleta na mtoto wao mwenye mafua anayevuta kamasi kila akimeza. Mjukuu wangu alianguka kwenye benchi kwa kicheko. Alipoinuka nikamuuliza, "Haya, vilibaki vingapi?"

Akafuta macho. "Bibi, yule mama mwenye maringo alivaa nini?"

"Kitenge cha kuazima. Vilibaki vingapi?"

"Na kamasi ziliingia kwenye kiazi?"

Tulifika mbali na hao wageni. Walilala kwetu, waligombana, yule mzee alipoteza fimbo. Hesabu haikuonekana tena. Mama yake alisimama mlangoni mwa jiko akituangalia, akaenda ndani kupiga simu Iringa. Nilimsikia. Mimi sikio langu bado zima.

Ndipo mkwe akaja, na mkoba mweusi wa ngozi, na mfuko wa plastiki unaolia chaka-chaka. Nikadhani ameleta karanga. Mimi nilikwenda kumpokea barabarani, nikamsalimu kwa kikwao, "Kamwene, mkwe!" akaitika, nikamwambia, "Mzigo huu ni ulanzi? Maana watu wa Iringa hamtembei bila pombe yenu ya mianzi."

"Mkwe," akasema, "ningeleta ulanzi ungeumaliza. Hivi. Ni. Visoda."

Visoda, vile vizibo vya chupa za soda! Mtu katoka Iringa mpaka Mbalizi kabeba takataka za baa.

Nilikuwa nimewahi kufika kwake mara moja tu, wakati wa kupeleka mahari. Nyumba yenye maua mbele, sakafu ya kung'aa, vitabu vimesimama ukutani kama waumini. Siku ile nilikaa kwenye kochi lake nikaogopa kuegemea. Alituambia alisoma Tosamaganga kwa masista, na alisema hivyo taratibu, akitumiminia chai, na chai haikumwagika hata tone. Mimi nikamwaga yangu. Tangu hapo nilijua huyu mwanamke na mimi tutakuwa na jambo.

Lakini hapa Mbalizi, nilijiambia, atakuwa mgeni. Na nilikuwa na silaha yangu. Kwa desturi, mama mkwe hakai sebuleni na mume wa binti yake. Mwanangu akirudi, mkwe anatoka. Hali naye meza moja, hapishani naye kwenye korido, wakisalimiana kila mtu anaangalia pembeni. Nikahesabu kwamba atachoka mapema, atarudi kwenye maua yake. Sikufikiri vizuri. Akitoka sebuleni ataenda wapi? Alikuja jikoni kwangu. Mwanangu akipiga honi tu huko nje, huyo anaingia kwangu na mfuko wake, chaka-chaka, na mtoto nyuma yake. Desturi niliyoitegemea imfukuze ndiyo iliyomleta mpaka kwenye benchi langu.

Somo lake halina raha hata kidogo. Anamwaga visoda kwenye kifuniko cha ndoo. Anasema fumbo kwa sauti ile ile ya chumvi. "Shangazi. Alikuwa na machungwa saba. Akanunua. Mengine matano." Shangazi hana sura, hana hasira, hana hata jina la utani. Mtoto anaviangalia visoda. Halafu mkwe anamuuliza, "Machungwa yamekuja nyumbani, au yametoka nyumbani?" Mtoto anasema yamekuja. "Basi yaweke." Mtoto anaweka visoda, anahesabu, kumi na mbili. "Vizuri." Hilo vizuri lake ni dogo kama tone la dawa ya macho, na mtoto alikuwa analipokea kwa mikono miwili.

Mimi nikimsifia mtoto napiga vigelegele mpaka kuku wanakimbia. Na hajawahi kuniangalia vile.

Halafu jina. Mimi naitwa Bibi. Yule naye alitakiwa kuwa Bibi, au Bibi wa Iringa, kama zamani. Ghafla nasikia, "Bibi Mwalimu, njoo." "Bibi Mwalimu, nimepata." Nikamuuliza mtoto, "Kama yule ni Bibi Mwalimu, mimi ni Bibi nani?" Akafikiri. Akasema, "Wewe ni Bibi tu." Tu! Nilipepeta mchele siku ile mpaka ukabaki chenga.

Nikaanza vituko vyangu. Somo likikolea, namtuma mtoto. "Mke mwenzangu, kimbia kanichukulie kibiriti." Akirudi, "Umesahau kuangalia kama kuku ametaga." Akirudi, "Hebu niwashie redio." Yule mwenzangu wa Iringa anasubiri, kidole kiko juu ya kisoda alichokiacha mtoto. Siku moja akaniambia, "Mkwe, nikupe na mimi kazi ya kumtuma?" Nikamwambia, "Hapana, mkwe, hawa watoto wasipotumwa wanaota mizizi." Akasema, "Ni kweli." Halafu akamwambia mtoto, "Bibi yako alikuwa na vibiriti sita. Akapoteza vitatu wewe ulipokaa kusoma. Vimebaki vingapi?" Mtoto akasema vitatu, akanitazama, akaficha mdomo. Wakacheka wote wawili. Wamenichekea jikoni kwangu, na moto wa kwangu!

Hapo lazima niseme jambo moja, maana najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme mimi nisiyesoma ni bingwa wa hesabu za sokoni. Hapana. Niliuza viazi Mbalizi miaka na miaka, na nilikuwa naibiwa. Wateja waliniambia chenji yao, nami nikawapa, nikawaombea na safari njema. Kwa hiyo wivu wangu haukuwa wa kusema mimi ningeweza. Nilijua siwezi. Ndiyo ukauma.

Basi ikafika siku ya mayai. Mimi nilikuwa namenya ndizi, nimewapa mgongo lakini sikio liko nao. Yule mwenzangu akasema, "Mama. Alikuwa na mayai manane. Akampa jirani matatu. Amebaki na mangapi?"

Mtoto akahangaika na visoda, akasema, "Kumi na moja."

"Sawa. Hebu lingine. Dada alikuwa na pipi sita. Kaka yake akampa nne. Sasa ana ngapi?"

"Mbili."

Ningekuwa mimi ningesema, we mtoto vipi? Yeye alishika kidevu. Akaleta fumbo la mtu aliyepoteza kalamu: mtoto akatoa, sawasawa. La mtu aliyeokota maparachichi: akajumlisha, sawasawa. La mtu aliyempa rafiki yake ndizi: akajumlisha. La mtu aliyepewa mahindi na babu: akatoa. Akaniita bila kugeuka, "Mkwe, umeona? Akipoteza, hakosei. Akiokota, hakosei. Mtu akimpa mtu, ndipo anageuza." Mwalimu wa kucha za rangi hakuliona hilo. Mimi ndiyo kabisa. Huyu kaliona akiwa amekaa kwenye benchi lenye mguu mbovu, moshi unamwingia machoni.

Akamuuliza mtoto, "Kwa nini mama aliyempa jirani mayai, yake yameongezeka?"

Mtoto akashangaa kuulizwa. "Si jirani analeta?"

"Analeta nini?"

"Bakuli. Na bakuli halirudi tupu, Bibi Mwalimu."

"Na dada aliyepewa pipi?"

"Ukipewa lazima na wewe upeleke. Zitapungua."

"Nani kakwambia?"

Mtoto hakutamka. Alinionyesha kwa mdomo, hivi, akabinua midomo upande wangu.

Niwaambie nilivyofanya? Niliacha kisu, nikapiga kigelegele kimoja kirefu, nikacheza pale pale kati ya mafiga na ndoo. Huyo ni wangu! Hesabu kakosa, lakini kakosa kwa malezi yangu! Maana ni hivi: jirani yetu ni mama aliyetoka Usangu, wa wale wafugaji waliohamia huko kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Mimi nikichemsha viazi, nampelekea bakuli, na anayebeba ni huyu mtoto. Kesho yake bakuli linarudi na maziwa ya mgando yamejaa mpaka ukingoni, na anayebeba ni huyu huyu mtoto. Siku jirani akianza yeye kuleta, mimi sipumziki mpaka nimerudisha. Mtoto maisha yake yote kaona hivyo: kinachotoka kinarudi kimenenepa, kinachoingia kina mguu wa kuondoka. Nikamwambia yule mwenzangu, "Kisahihishe hicho sasa, mkwe. Mwambie mtoto jirani yetu harudishi."

Akajaribu. "Kwenye hesabu," akamwambia, "jirani harudishi."

Mtoto akamkazia macho. "Ni mchoyo?"

"Si mchoyo. Ni hesabu tu."

"Kama si mchoyo kwa nini harudishi?"

"Fumbo halikusema amerudisha."

"Halikusema kwa sababu ni lazima, Bibi Mwalimu. Hata wewe si unajua?"

Mwenzangu alikwama. Nilimwona kwa macho yangu, mwanamke wa Tosamaganga, amekwamishwa na mtoto wa darasa la pili. Nikajisikia vizuri, mbavu zikapanuka. Nikaendelea kumenya ndizi zangu kwa madaha. Nikaimba kidogo.

Sikuimba sana. Aliinuka, akakung'uta sketi, akaniomba bakuli. Bakuli langu lile lile la kupelekea jirani. Akaniomba na mayai, nikampa manane, maana ningemnyimaje, mgeni? Akaweka matatu kwenye bakuli, matano akayaacha kwenye kikapu mbele yangu. Akampa mtoto bakuli. "Mpelekee jirani. Lakini ukifika getini kwetu, simama. Usitoke."

Mtoto akaenda, taratibu, macho kwenye mayai. Akafika getini, akasimama. Mwenzangu akapaza sauti kutoka mlangoni mwa jiko, na niwaambie, ile sauti ikipazwa, inafika. "Bakuli liko wapi?"

"Ninalo mimi!"

"Jirani amerudisha?"

"Atarudishaje? Sijafika!"

"Atarudisha?"

"Atarudisha!"

"Vizuri. Hapo hapo ulipo, kabla hujafika. Jikoni kwa bibi yako kuna mayai mangapi?"

Mtoto alisimama na bakuli lake. Nilimwona anafunga jicho moja, kama anaangalia kikapu changu kupitia ukuta. Halafu akapiga kelele iliyomfanya jirani atoke nje kuangalia kuna nini. "Matano!"

"Fumbo," mwenzangu akasema, "linakuuliza ukiwa getini. Ya kesho hayajaulizwa."

Na mtoto alielewa. Ilikuwa kama mtu kamwondolea kibanzi jichoni. Hakuambiwa jirani ni mbaya, hakuambiwa bibi yake kasema uongo. Alisimamishwa getini tu. Akarudi mbio, akayafanya mafumbo yote ya kupeana, kila moja anajiuliza kwa sauti ndogo, "Nipo getini?" anaweka kisoda, anatoa kisoda. Mayai tukampelekea jirani kweli baadaye, na mtindi ukaja.

Nami nilikaa na ndizi zangu. Niwaambie nilivyoona? Geti ni langu. Bakuli ni langu. Mayai ni ya kuku wangu. Mtoto nimembeba mimi. Na yule mwanamke kavichukua vyote, kavipanga upya, vikatoka hesabu. Mimi navishika kila siku, sijawahi kuviona hivyo. Sijui kama mnajua wivu wa namna hiyo. Haukufanyi umchukie mtu. Unakufanya utake kumnyang'anya kichwa chake, ukivae wewe, halafu mtoto akuite wewe.

Jioni nikajaribu tena, nikiwa peke yangu na mtoto. Nikamwiga yule mwenzangu, sauti ile ile, kisoda kwenye kifuniko, kidevu mkononi. "Mama. Alikuwa. Na mayai." Mtoto akacheka mpaka akakohoa. "Bibi, fanya tena Bibi Mwalimu!" Nilikuwa nayo sauti yote, vituo vyake na pumzi zake. Kilichokuwa kikifundisha sikuwa nacho.

Shule ikatoa mtihani. Mafumbo yote mtoto alipata, kasoro moja aliloandika jibu lake kwenye mstari wa fumbo lingine. Kwetu ikawa sherehe. Mkamwana wangu alinunua soda. Na baada ya soda akasema lile nililokuwa nalingoja na kuliogopa. "Sasa tumeona wenyewe. Kama kwa muda mfupi hivi amefunguka, akikaa Kihesa itakuwaje? Shule zikifungwa, aende na bibi yake."

Mwanangu akaniangalia. Huyo tangu mdogo akinionea huruma anajikuna shingo. Akajikuna shingo. "Mama, ni kwa faida ya mtoto. Na wewe unachoka."

"Mimi nachoka nini?"

"Mama..."

"Nachoka nini? Mtoto ni wa ukoo huu. Iringa atakwenda kufanya nini, kupanga vitabu?"

Lakini nilijua nimebanwa. Asingejifunza, wangempeleka Iringa akajifunze. Amejifunza, wanampeleka Iringa kwa sababu amejifunza. Yote mawili yanakwenda Kihesa. Kilichobaki ilikuwa kumuuliza mtoto, na hilo sikulithubutu. Niliogopa atajibu.

Nikatoka nje. Yule mwenzangu alikuwa jikoni, maana mwanangu alikuwa sebuleni. Amekwisha kufunga mfuko wake, anafunga na mkoba. Kwa desturi yetu mama hakai sana kwenye nyumba aliyoolewa binti yake. Watu watasema kaja kulelewa na mkwe. Yeye alijua, nami nilijua. Alikuwa tayari kuondoka na mjukuu wangu kwa heshima zote.

Nikakaa kwenye benchi. Nikauliza, "Huko Kihesa unakaa na nani sasa?"

"Peke yangu."

"Maua?"

"Maua yapo," akasema. Halafu akasema, si kwa ile sauti ya chumvi, kwa sauti ambayo sijawahi kuiiga. "Mkwe, nyumba yangu imenyamaza sana. Nikiangusha kijiko nakisikia mpaka kesho. Ninamtaka huyu mtoto. Mafumbo ni kisingizio, wewe si mjinga."

Nilitaka kumjibu vibaya na jibu lilikuwa tayari. Lakini mtu akikuambia hitaji lake waziwazi hivyo, mdomo unakuwa mzito. Na mimi nilikuwa na langu.

Nikamwambia, "Baki hapa."

"Siwezi kukaa kwa mkwe wangu."

"Nani kasema utakaa kwa mkwe wako? Sebule ni yake. Hili jiko ni langu, na kile chumba cha uani ni changu, kina vitanda viwili. Mimi ndiye mama wa mwenye nyumba. Mimi ndiye ninayekukaribisha. Watu wakiuliza, wewe ni mgeni wangu."

Akaweka mkoba chini. "Utasema hivyo mbele ya watu?"

Hapo ndipo nilipomeza kitu kigumu. Kwa sababu neno hilo likishasemwa na mwenye mji, halirudishwi. Kusema huyu ni mgeni wangu ni kusema nimemtaka mwenyewe, nimempa benchi, nimempa moto. Yule ninayetaka aende ndiye nitakayemshika mkono abaki, na nisipomshika, mtoto naye anakwenda.

Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni mwa nyumba kubwa, nikawaita mwanangu na mkewe na mtoto, nikamwita na yule jirani wa ng'ombe kule ng'ambo ya ukuta awe shahidi. Nikasema, "Mkwe wangu haendi. Ni mgeni wangu mimi, si mgeni wa huyu fundi. Atakaa mpaka atakapochoka yeye. Mtoto atasoma hapa hapa."

Mwanangu akajikuna shingo pande zote mbili. Mkamwana wangu akalia. Jirani akasema, "Mmefanya vizuri, mama zangu." Mtoto akaruka, akapiga makofi, akakimbia kumkumbatia.

Alimkumbatia yule kwanza. Mimi wa pili.

Basi ndivyo tunavyoishi hadi leo. Ameweka kioo chake juu ya meza yangu. Anamenya viazi anaondoa nyama nusu, kwa maganda yake ningelisha mbuzi. Jumapili yeye anakwenda kanisani kwake, mimi kwangu, tunarudi tunabishana mahubiri ya nani yalikuwa marefu. Watu wakipita wanasema, "Bibi Mwalimu, tukuletee na wetu uwafundishe mafumbo," na siku hizi watoto wa jirani wanajazana jikoni kwangu, wanakaa mpaka kwenye kuni, na mimi ndiye ninayewapikia uji. Nikipita na sufuria wananiambia, "Bibi, pisha kidogo, hatuoni visoda." Mkamwana wangu, usiache hilo, liandike.

Leo asubuhi mkwe alimpigia mtoto pasi sketi ya shule kwa ule mkaa wangu. Mtoto akaja akasimama mbele yangu, akazunguka. "Bibi, angalia marinda yangu, Bibi Mwalimu ndiye kayanyoosha."

Nikaangalia mbele, nikaangalia nyuma. Yule mwenzangu amesimama mlangoni na kikombe chake, anasubiri niseme.

"Yamepinda," nikasema.

Hayakupinda.